Je, sumaku inaweza kututengenezea naitrojeni ya uhimilishaji Rungwe?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi? Mimi ni mhimilishaji wa ng'ombe wa maziwa huku Tukuyu. Naitrojeni ya kimiminika ya kuhifadhia mbegu za madume tunaiagiza mbali, na mara nyingi inafika pungufu. Nasikia kuna mitambo inayopoza kwa sumaku, haina kompresa. Tukichangishana kwenye kikundi, tunaweza kufunga wetu hapa hapa?

JIBU: Njema, ndugu yangu. Pesa ya kikundi msiipeleke huko. Teknolojia ni ya kweli, ila kazi yako siyo inayoifaa.

Chukua mpira wa kufungia noti, uvute ghafla na uuguse mdomo wa juu: utasikia joto. Subiri upoe ukiwa umevutika hivyo hivyo, kisha uachie na uguse tena; sasa ni baridi. Metali iitwayo gadolini hufanya vivyo hivyo ikiingizwa kwenye sumaku. Atomu zake, kila moja kisumaku kidogo, hujipanga upande mmoja na metali inapata moto. Maji au gesi hupitishwa kuliondoa joto hilo. Sumaku ikitolewa, atomu hutawanyika na metali inashuka chini ya pale ilipoanzia.

Tatizo ni kiasi. Kwenye joto la chumbani, sumaku ya tesla 1 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) huisogeza gadolini nyuzi 2 au 3 tu. Kwa hiyo mzunguko lazima urudiwe tena na tena, vipande vya metali vikipokezana joto. Mwaka 1976 G. V. Brown wa NASA alipata tofauti ya nyuzi 47 kwa njia hii, lakini kwa sumaku ya tesla 7. Mashine nyingi za MRI hospitalini, zile za kupiga picha ndani ya mwili kwa sumaku, zina 1.5.

Karibu na sifuri kabisa, yaani nyuzi 273 chini ya sifuri, hesabu inageuka. Huko nyenzo inayopozwa imebakiwa na joto dogo mno, hivyo kutawanyika kule kule kwa atomu kunaishusha sana. William Giauque alifika robo ya digrii juu ya sifuri kabisa mwaka 1933, akapewa Nobel mwaka 1949. Ndiyo maana watafiti wanalenga kugeuza kuwa kimiminika hidrojeni, inayochemka kwenye −253, na heliamu, −269. Heliamu ya Bonde la Rukwa, jirani zetu, ikifika siku ya kusafirishwa kama kimiminika, hapo nitakaa kuisikiliza habari ya sumaku.

Gesi ya kaboni inayotoka ardhini Kyejo, huku huku Rungwe, haihitaji lolote kati ya haya: kwenye nyuzi 20, ukiishindilia hadi baa 57 hivi, yaani kama mara 57 ya shinikizo la hewa ya kawaida, inakuwa kimiminika. Naitrojeni ni mkaidi, haigeuki mpaka ipoe chini ya −147, na inachemka kwenye −196. Lakini kompresa na kuitanua hewa ghafla vinaifikisha huko bila shida, na kazi hiyo ina zaidi ya miaka mia.

Mimi ningeanza na mtungi wenu. Ukiona umande au barafu kwenye ubavu wake wa nje, ombwe, ile nafasi isiyo na hewa kati ya kuta zake, limeharibika na naitrojeni inaishia hapo. Pima kwa kijiti kikavu cha mbao: kitumbukize hadi chini, kitoe, kipunge hewani, barafu itakuonyesha kina. Usitumie bomba lenye tundu, kimiminika kitakurukia usoni. Na kwenye gari fungua madirisha, maana naitrojeni ikijaa ndani inafukuza hewa nanyi hamtasikia harufu yoyote.