Kompyuta inazimika ghafla bila kusema neno

*Kompyuta yangu ya mezani inazimika kama mtu amechomoa waya. Hakuna ujumbe wowote. Nimeweka Windows upya mara mbili. Je, ni kirusi?*

Sidhani, na tafadhali usiiweke mara ya tatu. Windows ikikwama yenyewe, kwa kawaida hupata nafasi ya kulalamika, walau kwa skrini ya bluu. Ikikatika bila neno, mara nyingi umeme umeondoka kabla programu haijawahi kuandika chochote. Ukimya huo ndio dalili yako, nao unaelekeza kwenye joto au pawasaplai, yaani kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme.

Chunguza inazimika wakati gani. Ikichukua dakika kadhaa za kazi nzito, kisha ukiiwasha papo hapo inazimika upesi zaidi, shuku joto. Prosesa nyingi hujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 95 au 100 za Selsiasi. Joto likizidi kupanda, mashine hujikatia umeme ili chipu isiungue. Weka programu ya kupima joto, kwa mfano HWiNFO, iandike vipimo kwenye faili, halafu usome mstari wa mwisho kabla ya giza. Ukikuta prosesa ilikuwa nyuzi 60, iache, geukia pawasaplai.

Pawasaplai iliyochoka hujionyesha hasa pale mzigo unapopanda ghafla: gemu linafunguka, kadi ya grafiki inavuta umeme mwingi kwa mara moja, na mashine inakata. Kipimo ninachokiamini ni kuazima pawasaplai nzima yenye nguvu ya kutosha na kuijaribu. Ukiibadilisha, badilisha na nyaya zake zote, hata kama zile za zamani zinaingia vizuri. Mpangilio wa pini upande wa pawasaplai hutofautiana, na waya usio wake unaweza kuunguza diski zenye mafaili yako yote. Ile ya zamani usiifungue kamwe: kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani.

*Nimekuta kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, tukio la Kernel-Power namba 41. Fundi anasema hilo ni thibitisho kwamba pawasaplai imekufa.*

Si thibitisho. Tukio hilo huandikwa kompyuta inapowaka tena, na linasema tu kwamba ilizimika bila kufuata utaratibu. Kandamiza kitufe cha kuwashia mpaka izimike, nawe utalipata lilelile. Kabla hujanunua kitu, fungua maelezo ya tukio hilo utafute namba ya hitilafu iitwayo BugcheckCode. Ikiwa si sifuri, kulikuwa na skrini ya bluu ambayo hukuiona kwa sababu mashine ilijiwasha upya haraka. Kwenye mipangilio ya mfumo, ondoa tiki ya kujiwasha upya baada ya hitilafu, ili safari ijayo uisome. Tazama pia tukio namba 1074: likiwapo wakati huohuo, kuna programu au mtu aliyeamuru kompyuta izime, na hapo pawasaplai haina kosa.

*Laptopu yangu inazimika betri ikionyesha asilimia 30. Ikiwa kwenye chaja haisumbui.*

Betri imechoka. Asilimia ile ni makadirio tu. Kazi ikiwa nzito, volti za betri kuukuu huporomoka na mashine inakatika. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, kisha linganisha ujazo iliyoundwa nao na ujazo inaoufikia sasa. Lakini kwanza igeuze uitazame: ikiwa umbo limevimba, acha kuichaji leo hii.

*Nimepuliza vumbi lote, bado joto linapanda hadi inazimika.*

Hakikisha feni ya prosesa inazunguka kweli. Kisha zima, chomoa umeme, uguse kipoza joto: kikicheza, hakijakaza. Kikiwa imara, kifungue, futa ile pasta ya zamani ya kupitisha joto kati yake na prosesa, ambayo hukauka kwa miaka, upake nyingine kiasi cha punje ya dengu.