Nyumba ya Lac Vert, dola 90 tu: tuhamie ao tuache?

*Yaya wa gazeti, salamu toka Bukavu. Papa ya watoto amepata kazi Goma, ofisi iko Les Volcans, ameshaanza na analala kwa mdogo wake kule Majengo, siye tumebaki huku Nguba mpaka watoto wamalize mwaka wa masomo. Sasa komisioneri (dalali wa nyumba) amemuonyesha nyumba Lac Vert, vyumba vitatu, parseli (kiwanja) kubwa yenye ukuta, dola 90 kwa mwezi, garanti (amana) ya miezi sita. Katindo kwa nyumba ndogo kuliko ile wanatuomba 200! Tuko na watoto wanne, wa mwisho ana miaka miwili, na mama mkwe ambaye kifua kinambana. Mi naipenda ile parseli, nitapanda lengalenga, watoto watacheza. Lakini shemeji anasema kule ni mazuku tupu, ile gesi ya ardhini, mtoto analala haamki. Bwana anasema shemeji anatisha watu tu, mbona maelfu wanaishi kule na watoto wao. Nani ana haki? Mama Furaha, Bukavu*

Mama Furaha, wote wawili wana haki, na hapo njo shida inaanzia. Kuko familia zimekaa Lac Vert miaka na miaka, watoto wamekulia pale, hakuna kitu. Na kuko mashimo kule kule Lac Vert ambako mbuzi anashuka kula majani na hapandi tena, na watu pia wamekufa hivyo. Unaweza kukuta hayo mawili kwenye avenyi moja. Kwa hiyo jina la kartie (mtaa) halitakusaidia sana, kitu cha kuchunguza ni ile parseli yenyewe, imekaa wapi na ardhi inashuka upande gani.

Upande ule wote wa magharibi, kuanzia Himbi na Keshero kando ya ziwa, Lac Vert, Mugunga, mpaka kule Sake, nyumba zimejengwa juu ya lava ya zamani, na lava iko na nyufa. Mu zile nyufa inapanda gesi ya dioksidi ya kaboni, hiyo njo mazuku, haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa, basi inatafuta chini sawa maji yanavyotafuta beseni. Mchana jua likiwaka na upepo ukipiga inatawanyika, usiku upepo ukilala inajaa, na alfajiri njo mbaya zaidi. Sasa uliza papa ya watoto, komisioneri alimpeleka saa ngapi? Mi nabeti ilikuwa saa sita ao saa saba mchana. Makomisioneri wote wa Goma wanaonyesha nyumba mchana, na siwalaumu, ila mchana hauonyeshi kitu.

Arudi saa kumi na moja za asubuhi, peke yake, bila komisioneri. Asiingie mu shimo lolote, asimame juu aangalie. Nyumba iko juu kuliko njia ao iko chini yake? Kama maji ya mvua yanaelekea kwenye nyumba, na gesi itaelekea kule kule. Aangalie kama kuko ndege wadogo, mijusi ao panya wamekufa mahali pa chini, ni dalili ambayo watu wa kule wanaijua vizuri. Halafu asubiri wamama waamke, aulize wenye mbuzi wanazifunga wapi usiku, aulize watoto wanakatazwa kupita wapi. Mama wa pale atakuonyesha kwa kidole, "lile shimo pale, ule mti pale", maana kila avenyi inajua mazuku yake. Mwenye nyumba hatakwambia, yeye anataka garanti.

Watu watamwambia ajaribu na mshumaa. Sawa, mshumaa ukizimika karibu na ardhi, hapo hakuna mazungumzo tena, aondoke. Lakini ukiwaka, haimaanishi kwamba mahali ni pazuri, maana gesi inaweza kumuumiza mtu kabla haijafika kiasi cha kuzima moto, na wa kuumia kwanza ni yule wa miaka miwili anayelala kwenye mkeka chini na kucheza chini. Tena aulize choo. Goma kuchimba ni kazi, unapiga mwamba, na ile fosi (shimo la choo) wanayochimba mu nyufa inaweza kukusanya gesi, kuko watu wameshuka kusafisha ao kutengeneza kitu wakabaki kule, na aliyeshuka kuwavuta akabaki naye. Hii waambie na watoto wakubwa: mtu akianguka shimoni, wapige kelele, wasishuke.

Na ukuta ule unaoupenda, uangalie vizuri. Kama parseli iko juu, ukuta ni raha. Kama iko chini, ukuta mrefu unazuia upepo, unafunga gesi ndani pamoja nanyi. Usiruhusu mtu akwambie "mtanunua vitanda virefu, mtafungua dirisha". Kitanda ni kizuri popote, lakini nyumba iliyokaa mu shimo huitengenezi na kitanda.

Mama mkwe sasa. Volkano ya Nyiragongo ikitoa moshi, mara mingi upepo unausukuma upande wa magharibi, njo maana watu wa Rusayo na Sake wanalalamika kuliko watu wa Birere. Moshi ule uko na salfa, kifua cha asima (pumu) hakiupendi. Ongeza vumbi ya lava barabarani, ile nyeusi inayoingia mpaka mu sukari. Sisemi hawezi kukaa kule, nasema aje yeye mwenyewe alale huko usiku mbili tatu kwa jamaa kabla hamjalipa kitu, mwili wake utawajibu vizuri kuliko mimi.

Maji, hapa usicheke, mtu wa Bukavu amezoea kuona mto na chemchemi. Goma haina mto hata mmoja mu mji, mvua yote inazama mu lava. REGIDESO, kampuni ya maji ya serikali, inavuta maji ziwani, inasukuma juu, na robine (bomba) ikikauka mnashuka na bidoni (madumu). Lac Vert hamko mbali na ziwa, sawa, lakini nani atabeba? Watoto. Na maji ya ziwa bila klori ni kolera (kipindupindu), hiyo tunaijua sana hapa. Kama nyumba iko na tanki la mvua, uliza lina ukubwa gani na bati liko hali gani, halafu yale maji yatumieni kuoga na kufua, ya kunywa mtafute kwingine, maana mvua inayopita mu moshi wa volkano inachukua fluori, na fluori ikizidi meno ya watoto yanaota na madoadoa ya kahawia ambayo hayatoki hata mpige mswaki namna gani. Bwana aulize jirani bei ya bidoni siku ambayo maji yamekatika, bei ya siku ya kawaida haina maana.

Tuje kwa zile dola 110 unazoona unaokoa. Toa pikipiki ya bwana mpaka Les Volcans kwenda na kurudi, siku 26 kwa mwezi, na barabara ni ile moja ya Sake ambayo asubuhi malori, pikipiki na chukudu (zile baiskeli za mbao za mizigo) wote wanaigombania. Toa bidoni. Toa makaa kama umeme haufiki (uliza pia kashi pawa, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni ya nyumba yenu ao mnagawana na jirani, ugomvi mingi wa wapangaji unaanzia pale). Pigeni hesabu ya kweli mu karatasi, nadhani mtakuta imebaki nusu, pengine chini ya nusu. Bado ni pesa, sikatai.

Lengalenga itaota kama udongo uko. Lava ya miaka ya karibuni haina udongo, watu wanaununua na kuumwaga. Angalia parseli ya jirani kama kuko migomba imenenepa, basi jembe lako lina kazi.

Shule ziko, za serikali na za makanisa, nendeni mapema kabla ya Septemba. Ya usalama sitaandika, inabadilika kila wiki na gazeti likitoka tayari ni habari ya zamani, ulizeni wanaokaa avenyi ile ile.

Unataka nikwambie mimi ningefanya nini? Parseli ikiwa juu, upepo unapita, wamama wa pale wanaisifu na mama mkwe akalala vizuri, ningechukua, ila kwa garanti ya miezi mitatu na mkataba ulioandikwa, hiyo miezi sita mwenye nyumba ashushe. Ikiwa chini ya njia hata kidogo, nisingechukua hata kwa bure, ningeenda kubanana Ndosho, nyumba zimeshikana na kelele haziishi, lakini mama mkwe angekuwa karibu na kila kitu.

*Yaya, mimi niko Kahembe, nimepewa kiwanja bei ya chini sana Buhene, juu ya lava ya 2021. Lava imeshapoa, nijenge? Papa Amani*

Papa Amani, kupoa imepoa. Lakini angalia ramani: Januari 1977, Januari 2002, tarehe 22 Mei 2021, mara zote tatu lava ilitoka mu nyufa za volkano na ikashuka kwenye viteremko vya upande wetu. Ya 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ya 2021 ilisimama kabla ya kufika uwanja wa ndege. Mtu anayekuuzia bei ya chini anajua kwa nini ni chini. Na karatasi yake ni ya nani? Buhene iko territoire (wilaya) ya Nyiragongo, wengi wanauza na karatasi ya chifu peke yake, wakati sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni ya serikali na haki yako ya mwisho ni sertifika ya usajili. Bila hiyo, mwenye kiwanja wa zamani, yule ambaye nyumba yake iko chini ya lava unayotaka kujengea, anaweza kurudi siku yoyote na wakili wake. Mtafute yeye kwanza, mzungumze mbele ya mashahidi, halafu uende ofisi ya hati uone hiyo parseli imeandikwa kwa jina la nani. Kama baada ya hapo bado unataka, jenga ya mbao, usizike pesa yako yote mu matofali.