ULIZA MKUTUBI: Wembe kwenye magazeti, sanduku la babu, na kitabu cha 1998

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mkutubi maktaba ya chuo kimoja huku Morogoro, nina miaka minne kazini. Tuna magazeti ya zamani yaliyojalidiwa, yanaanzia miaka ya sitini, na wanafunzi wa tasnifu wanayasoma sana. Juzi nimefungua juzuu moja nikakuta kurasa mbili hazipo, nikafungua nyingine hivo hivo. Bosi anasema tufunge kamera ila hela ya kamera hamna. Wenye funguo tupo watatu tu na sasa hivi tunaangaliana vibaya. Nianzie wapi? (Mkutubi, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, najua unavyojisikia. Mimi mwenyewe niliwahi kufungua juzuu la gazeti nikakuta ukingo wa karatasi umebaki upana wa kidole, umenyooka kama umepigwa rula, alafu ukurasa wa chini yake una mchirizi mwembamba, ule wembe ulipopitiliza. Huo mchirizi kautafute. Karatasi iliyochakaa kwa uzee inamegeka megeka, hainyooki vile.

Kwa hiyo kesho asubuhi kabla hujamtuhumu mtu chukua daftari, pitia juzuu moja moja, andika tarehe ya gazeti, ukurasa gani haupo, umekatwa au umemegeka, na upige picha kwa simu. Ukimaliza kaa chini uangalie ni kurasa gani zinaondoka. Kama ni za mpira tu, au hotuba za kipindi fulani, basi umeshaanza kujua unatafuta msomaji wa aina gani, na hapo mtaacha kuangaliana vibaya bila ushahidi.

Ngoja nikupe kisa cha Marekani. Juni 2005 kwenye maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, mfanyakazi mmoja aliona kiwembe cha kukatia karatasi kipo chini sakafuni kwenye chumba cha kusomea. Angeweza kukitupa kwenye pipa akaendelea na shughuli zake, yeye akatoa taarifa, wakaangalia waliosaini siku hiyo wakakuta kuna mfanyabiashara wa ramani za kale anaitwa E. Forbes Smiley, mtu anayejulikana sana kwenye biashara hiyo na aliyezoeleka maktaba nyingi. Polisi walikuta ramani kwenye begi lake na nyingine kwenye mfuko wa koti. Baadae alikiri kuiba ramani 97, kutoka Yale, Harvard, Boston, New York, Chicago mpaka British Library ya London, na 2006 akahukumiwa miaka mitatu na nusu jela. Linaloniuma mimi kwenye hiki kisa ni kwamba kuna maktaba zilipata shida kusema ramani ipi ni yao, maana kitabu waliandika kwenye katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, lakini ramani zilizomo ndani ya kitabu hawakuziorodhesha. Mwizi anakiri, mali ipo mezani, na mwenye mali hana karatasi ya kuonyesha!

Ona sasa, kilichomkamatisha ni macho ya mtu na daftari la kusaini, na hivo vyote wewe unavyo. Anza kesho: begi na koti vinabaki kwa mlinzi, mezani ni penseli na daftari tu, juzuu moja kwa wakati mmoja, kitambulisho kinabaki kwako, na meza igeuzwe ikutazame wewe, sio iangalie dirisha. Akirudisha juzuu, ifungue mbele yake upitishe kurasa kabla hujampa kitambulisho. Atakayekasirika akasirike, mwambie ni utaratibu wa wote mpaka profesa. Na muhuri wa maktaba ugonge kwenye kurasa za ndani pia kwa wino usiofutika, sio kwenye jalada peke yake, jalada ndo linabanduliwa kwanza.

Sasa la funguo, hili ni gumu ila nitakwambia. Maktaba ya Carnegie mjini Pittsburgh ilikuwa na chumba cha vitabu adimu na msimamizi wake alikaa humo kama miaka 25. Mwaka 2017 walikuja wathamini wa bima, mara ya mwisho walikuwa wamepita 1991, ndo ikagundulika vitabu na ramani vya kama dola milioni 8 vimeondoka. Aliyekuwa anavitoa ni huyo huyo msimamizi, kidogo kidogo, anampelekea muuza vitabu wa hapo mjini, na muuzaji anagonga muhuri unaosema maktaba imekiondoa kitabu yenyewe. Walihukumiwa 2020, kifungo cha nyumbani tu. Sisemi wenzako ni wezi, tena nakuomba usiwaze hivo. Nasema miaka 26 bila mtu mwingine kuhesabu ni mzigo hata kwa mtu mwaminifu, kwa sababu siku kitu kikipotea hana wa kumshuhudia. Hesabuni pamoja wawili wawili kila likizo, funguo zisainiwe kutoka na kurudi, na kitabu chochote mnachokiondoa kweli kiwe na barua yenye sahihi mbili. Hapo wewe na wenzako mtalala usingizi.

SWALI: Assalaam aleikum Mama. Marehemu babu alituachia sanduku la mbao limejaa karatasi, nyingi ni Kiswahili kwa hati za Kiarabu, mashairi, barua za biashara, na mikataba ya mashamba. Kuna mtu amekuja mara mbili anataka kununua sanduku zima, na ami yangu ashakubali. Mimi roho inakataa, lakini nyumbani hamna anayeweza kuzisoma na wadudu washaanza kuzila. (Mjukuu, Mombasa)

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu, Mungu amrehemu babu. Nenda kwa ami yako kwa heshima, usimbishie mbele za watu, muombe kitu kimoja tu, lisitoke nyumbani kabla kila karatasi haijapigwa picha. Hilo hata yeye hatalikataa. Na mwambie pia kwamba kwa Kenya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 haitaki vitu vya kale vitolewe nje ya nchi bila kibali, kwa hiyo mnunuzi asiyetaka kusema anazipeleka wapi ni wa kumuogopa. Tena hiyo mikataba ya mashamba, yaani hiyo ndo msithubutu kabisa kuiuza, siku ikija kesi ya ardhi mtaitafutia wapi?

Hapo Lamu kwenu pwani, miswada ya Msikiti wa Riyadha ilipigwa picha kwa msaada wa programu ya British Library ya nyaraka zilizo hatarini, na yenyewe haikuondoka Lamu. Kwa hiyo usidanganywe kwamba ili kitu kitunzwe lazima kiuzwe kipelekwe Ulaya. Na Zanzibar, miswada ya Kiarabu ya Nyaraka za Taifa iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003, makaratasi ya aina hiyo hiyo aliyokuachia babu.

Kupiga picha fanya hivi, kaa karibu na dirisha, mwanga wa mchana lakini sio jua lenyewe, tandika kitambaa cheupe, kila karatasi iwe na kipande pembeni chenye namba uliyoandika kwa penseli, mbele na nyuma hata kama nyuma hamna kitu. Usizipange upya, kama babu alifunga barua kumi kwa kamba moja basi alikuwa na sababu, ziache hivo hivo. Selotepu usitumie kabisa, gundi yake inageuka kahawia inakula karatasi, na laminesheni ndo mbaya zaidi. Sanduku linyanyue lisiguse sakafu wala ukuta, zilizoliwa na wadudu zitenge na nzima, na usizifunge kwenye mifuko ya plastiki kwa unyevu wa pwani zitaota ukungu. Picha zikae sehemu tatu, simu yako, kompyuta ya ndugu, na flashi kwa mtu wa mji mwingine. Ukimaliza tafuta mzee wa madrasa anayesoma hati hizo mkae naye jioni moja tu, msikilize akikusomea barua ya kwanza, na ami awepo.

SWALI: Mama usiandike ninapotoka. 1998 nilimaliza sekondari nikaondoka na kitabu cha maktaba ya shule, nilikipenda mno. Mpaka leo kipo kabatini na kila nikikiona naona aibu. Nikirudisha si nitashtakiwa?

JIBU: Sioni mkuu wa shule wa kukushtaki kwa kurudisha, mwanangu. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilipotelewa na madaftari mawili ya Charles Darwin, yule mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, moja ndo lina ule mchoro wake maarufu wa 1837 wa mti unaoonyesha viumbe vinavyohusiana. Yalitolewa rafuni kupigwa picha mwaka 2000, Januari 2001 wakakuta hayapo, wakadhani yamewekwa pabaya, wakatafuta miaka na miaka, mpaka 2020 wakatangaza yameibiwa na polisi wakaitwa. Machi 2022 yakakutwa sakafuni nje ya ofisi ya mkutubi mkuu, ndani ya mfuko wa zawadi wa rangi ya pinki, na bahasha imeandikwa kumtakia mkutubi Pasaka njema. Mazima kabisa. Walifurahi mno wale watu, nilipoona picha zao hata mimi machozi yalinitoka.

Chako hakina polisi wala gazeti. Ukiona aibu kwenda mwenyewe kitume kwa posta au umpe mtu. Usibandue lebo, usifute muhuri, usikigundi upya hata kama kimeachia mgongo. Ndani weka karatasi yenye jina la kitabu, namba iliyoandikwa mgongoni na mwaka uliokichukua, maana kadi yake ya 1998 inawezekana haipo tena na mkutubi wa sasa hajui kama kitabu hicho kiliwahi kuwa cha kwao.