Baba anajisikia fresh, altrasaundi ya nini tena?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba ana miaka 58, mwaka jana alikutwa na homa ya ini B na ini limeshaota makovu, akaanzishiwa dawa ya tenofovir na sahizi analima kama kawaida. Kila miezi 6 wanataka altrasaundi, na ya juzi imeonyesha kidoa cha milimita 8, wamesema arudi baada ya miezi 3. Baba mdogo anasema tunaliwa hela tu na hiyo mionzi ndo italeta kansa yenyewe. Ni kansa? Silali.
Binti, Sengerema

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kwa ripoti hiyo hakuna anayeweza kusema ni kansa, hata mimi siwezi. Ini lenye makovu linajaa vinundu vinundu kama ganda la fenesi, na kidoa kikiwa chini ya sentimita 1 hata mashine kubwa mara nyingi inashindwa kukijua, ndo maana wamesema miezi 3, waone kama kimekua au kimetulia. Kikifika sentimita 1 anapelekwa sitiskani, ile mashine kubwa ya picha, ya kuchomwa dawa kwenye mshipa, wanaangalia damu inavyoingia na kutoka pale. Msiruke hiyo tarehe, na ripoti ya juzi itieni kwenye nailoni mwende nayo, maana mpimaji asipoiona atalinganisha na nini? Siku hiyo asile kwa masaa 6 kabla.

Baba mdogo mwambieni kwa upole, altrasaundi haina mionzi, ni mawimbi ya sauti, ndo hiyohiyo wanayopimwa wajawazito. Na tenofovir inapunguza hatari ya kansa ila haiimalizi, makovu bado yapo. Kansa ya ini ikiwa ndogo haiumi kabisa mwanangu, mtu analima na ugali anamaliza, akija kuanza kukonda na ubavu wa kulia kuuma mara nyingi imeshakuwa kubwa, wakati ile ndogo inaweza kukatwa au kuunguzwa kwa sindano. Nimeona familia zinakuja zimechelewa, inauma sana, kwa hiyo nauli hiyo naomba mjikaze.

Dawa asiache hata siku moja, pombe aachane nayo, mahindi na karanga zenye ukungu msile. Halafu mama yako, wewe na wadogo zako mkapime homa ya ini B, chanjo ya watoto hapa kwetu ilianza 2002 kwa hiyo waliozaliwa kabla wengi hawana, atakayekutwa hana ugonjwa wala kinga achanjwe dozi zote 3.