Aligeta wa Belgrade na umri wake

Swali: Daktari, shikamoo. Nafundisha baiolojia sekondari. Kitabu chetu kinasema aligeta huishi miaka 30 hadi 50. Mwanafunzi wangu mmoja akaniletea habari ya aligeta wa bustani ya wanyama ya Belgrade, Serbia, aliyefika pale mwaka 1937 na ambaye amepita miaka 80. Nani mkweli? Na je, kufugwa ndiko kunakorefusha umri? (Mwalimu, Tanga)

Jibu: Marahaba, mwalimu. Wote wawili wakweli, maana hawazungumzii jambo moja.

Kwanza, wanafunzi wako wasichanganye: aligeta ni mtambaazi wa majini anayefanana na mamba, lakini mamba wa Mto Pangani si aligeta. Aligeta wako wa aina mbili tu duniani, mmoja wa kusini-mashariki mwa Marekani na mwingine wa Mto Yangtze, China. Pua yake ni pana, na akifumba mdomo meno ya chini hayaonekani. Mamba wetu jino la nne la chini hubaki nje. Nitamzungumzia yule wa Marekani.

Jike hutaga mayai 30 hadi 50. Mafuriko huyaozesha, rakuni huyafukua. Watoto wakianguliwa wana urefu wa sentimita zisizozidi 25, na hapo korongo, fisi-maji, samaki wakubwa na hata aligeta wakubwa huwawinda, ingawa mama yao huwalinda kwa ukali. Wengi hawamalizi mwaka wa pili. Ukichukua wastani wa wote walioanguliwa, utapata umri mfupi mno. Kwa hiyo ile miaka 30 hadi 50 inamhusu aliyevuka utoto, akafika mita 1.8 hivi na kuanza kuzaa, jambo ambalo huchukua miaka kumi au zaidi. Akishafika hapo, anaoweza kuwaogopa ni madume wenzake na binadamu.

Halafu liko tatizo la kuhesabu, na hapa ndipo vitabu vingi hupita haraka. Aligeta wa porini hana cheti cha kuzaliwa. Mfupa wake hujenga pete kama za mti, kwa sababu hukua upesi kiangazi na kusimama majira ya baridi, lakini kwa mnyama mzee pete za ndani humezwa na mfupa wenyewe, hivyo hesabu hupungua. Urefu nao hudanganya. Tulikuwa tukifundishwa kwamba aligeta hukua mpaka kufa. Watafiti wa South Carolina waliowatia alama aligeta wa porini na kuwakamata tena kwa miongo kadhaa walionyesha mwaka 2016 kwamba ukuaji hufika mwisho, na kwamba wako majike wanaoendelea kutaga wakiwa wamepita miaka 40. Anayetaga akiwa na umri huo hajafika ukingoni, na ndiyo maana naamini wengine porini huvuka 60 bila mtu kujua.

Sasa kufugwa. Kizimba hakimwongezei mnyama uhai. Kinamwondolea adui, njaa na bunduki, na kinampa mtu wa kuandika tarehe. Muja, huyo wa Belgrade, aliyapita mabomu ya 1941 na 1944, na mwaka 2012 alikatwa mguu wa mbele uliooza akapona. Aligeta mwingine, Saturn, alizaliwa Mississippi, Marekani, mwaka 1936, akapelekwa Berlin, akapotea bustani ilipopigwa mabomu Novemba 1943, akapatikana 1946 na kupelekwa Moscow. Alikufa Mei 2020 akiwa na miaka 84 hivi.

Lakini hao tunawasikia kwa sababu walidumu. Wanaokufa mapema kwenye mabwawa ya saruji hawatangazwi, na hilo linaniuma. Samaki wenye mafuta yaliyochacha humaliza vitamini E mwilini, mafuta ya mwili wake yakawa magumu na kuuma. Figo zikichoka kwa kukosa maji au joto la kutosha, huja gauti, ugonjwa unaovimbisha viungo. Niliwahi kumpasua mamba mchanga wa bwawa moja la maonyesho, nikakuta tumboni sarafu zilizotupwa na wageni. Sarafu zenye zinki huyeyuka polepole kwenye tindikali ya tumbo na kumtia sumu. Tafadhali waambie wanafunzi wako wasitupe kitu bwawani, hata kama kila mtu anatupa.

Kwa ubaoni, andika hivi: porini, aliyefika utu uzima, miaka 30 hadi 50, na wengine zaidi, akifugwa vizuri, 60 hadi 80 na kitu.

Wanafunzi wakikuletea habari za mamba wa miaka 100 na ushei, waulize tarehe ya kwanza iliyoandikwa ni ipi. Cassius, mamba wa maji chumvi wa Australia aliyekufa Novemba 2024, alisemekana kupita miaka 110, lakini alikamatwa 1984 akiwa tayari jitu, kwa hiyo umri wake ulikisiwa kwa ukubwa wa mwili. Habari aliyoleta mwanafunzi wako ina mwaka wa kufika. Mpongeze.