Pandisha kwanza, ndipo ushushe

Kaka wa Kisumu, umeuliza kwa nini gaini (namba inayoamua vali ijibu kwa nguvu kiasi gani) ya kiwango cha maji ya boila ilirudi ya zamani baada ya kushusha mabadiliko, yaani kuyatuma kutoka kompyuta ya mhandisi kwenda kontrola, kifaa kinachoendesha vali. Opereta alipoibadilisha kwenye skrini, ilikaa kwenye kontrola tu. Kushusha hufuta hiyo na kuandika iliyo kwenye hifadhidata ya kompyuta ya mhandisi. Kwa hiyo pandisha kwanza, yaani vuta thamani za kontrola ziingie kwenye hifadhidata, linganisha, kisha shusha moduli (kipande cha programu) uliyoigusa tu, si kontrola nzima.

Kiwandani kwetu huku kwenye miwa, gaini ilitoka 0.8 ikarudi 2.5. Vali ya maji ikawa inafunguka, inafunga, inafunguka, na kiwango kwenye dramu (tangi la maji na mvuke la boila) kinayumba. Tafadhali, weka vali kwa mkono (isiendeshwe na kontrola yenyewe) kabla ya kushusha, opereta akiangalia dramu.