Nyota Mkorofi Anajaza Ukumbi: Tumwache Acheze?

SWALI: Ndugu Mhariri, naandaa mashindano ya pool, wachezaji 16, meza mbili. Yupo bingwa mmoja anayegombana na waamuzi na kuwasema wapinzani. Akicheza yeye, watu wanasimama mpaka mlangoni. Asipokuwepo, viti vitupu. Mdhamini anataka tumwondoe. Nifanyeje? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Usimwondoe. Mtafutie mpinzani, na uweke sheria kabla hajagusa fimbo.

Watu hawaji kwa sababu ya domo lake peke yake. Wanakuja kuona kama kuna wa kumnyamazisha. Marekani waliliona hilo Februari 1978, pale televisheni ya ABC ilipowakutanisha wachezaji wa pool Minnesota Fats na Willie Mosconi jijini New York. Fats alikuwa bingwa wa maneno ambaye hakuwa na taji kubwa hata moja. Mosconi, mtu wa suti na nidhamu, alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia mara 15. Mosconi alishinda, na mamilioni walitazama. Fats angekaa na kujisifu peke yake, ingekuwa porojo tu.

Kwa hiyo anzia kwenye droo. Chukua wanne bora kwa matokeo ya mashindano yaliyopita, uwatenganishe hadharani, kila mmoja robo yake ya ratiba, bingwa wako na mpinzani wake mkubwa wakiwa nusu tofauti. Hapo hawawezi kukutana kabla ya fainali. Ukipanga kwa siri, umempa mkorofi hoja ya kweli ya kulalamikia.

Kisha sheria. Kanuni za kimataifa zinampa mwamuzi nguvu kubwa kuhusu utovu wa nidhamu: anaweza kutoa onyo, faulo, kumpokonya mchezaji fremu (mchezo mmoja ndani ya mechi) au mechi nzima, hata kumfukuza mashindanoni. Andika ngazi zako kwenye karatasi moja: kosa la kwanza onyo, la pili faulo na mpinzani anapewa mpira mweupe mkononi auweke anapotaka mezani, la tatu fremu, la nne mechi. Kila mchezaji asaini anapojiandikisha. Weka saa ya sekunde 30 kwa kila pigo, mchezaji akumbushwe zikibaki 10, na nyongeza moja ya muda kwa kila fremu. Mabishano mengi huanza pale mtu anapozunguka meza kwa makusudi ili kumchosha mwenzake. Asiyecheza akae kitini. Watazamaji wawe mita 2 kutoka kwenye meza, kwa maana fimbo peke yake inakaribia mita moja na nusu.

Mambo huharibika mwamuzi anapoonya mara tano bila kuadhibu. Wachezaji wapole wanaacha kujiandikisha, na mwaka unaofuata unabaki na nyota asiye na wa kucheza naye. Mdhamini mwonyeshe karatasi hiyo iliyosainiwa. Hofu yake ni jina lake kuonekana nyuma ya ugomvi, na hofu hiyo ni halali.

SWALI: Je, mchezaji mpole hawezi kuvuta watu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Anaweza sana. Efren Reyes wa Ufilipino, mtaratibu na mwenye tabasamu, ndiye aliyeufanya mchezo huu upendwe nchini kwake. Lakini angalia mechi inayotajwa hadi leo: Hong Kong, 1996, zawadi ya dola 100,000, mshindi ni wa kwanza kufikisha fremu 120. Upande wa pili alisimama Earl Strickland wa Marekani, bingwa wa dunia wa 1990, 1991 na baadaye 2002, mtu mwenye hasira za wazi anayejibizana hata na mashabiki. Reyes alishinda 120 kwa 117. Kwa maoni yetu, upole wa mmoja ulionekana vizuri zaidi kwa sababu ya moto wa mwenzake.

SWALI: Mpinzani akigonga fimbo sakafuni ninapolenga, ni faulo? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kumvuruga mwenzako kwa makusudi ni utovu wa nidhamu, na adhabu anaiamua mwamuzi. Usipige. Inuka kwenye meza, mwite mwamuzi, eleza kilichotokea, ndipo ulenge upya. Ukishapiga na kukosa, malalamiko yako yataonekana kisingizio.